Sufuria Mbili Katika Jiko la Bati

Bi Mkubwa, mimi nimeolewa Kendwa, nina watoto wanne, mume wangu mvuvi. Binti yangu mkubwa ana miaka 19, anajifunza upishi katika hoteli moja ya huku kwetu. Tangu Desemba kasema hali tena nyama, samaki, mayai, maziwa wala samli. Nilidhani mzaha wa wiki moja, sasa mwezi wa tatu. Napika sufuria mbili, yake na yetu, katika joto hili la kaskazi, na jiko langu limeezekwa bati. Baba yake hasemi kitu, lakini tangu siku aliyoleta changu mzuri na mtoto akasogeza sahani, chakula chake anakilia nje. Mavyaa wangu anasema mtoto karogwa na Wazungu, na wali bila ya kitoweo ni aibu ya mwenye nyumba. Wadogo zake nao wameanza kuiga: samaki hawataki, mchicha hawataki, wanachotaka ni soda na malai ya dukani. Nimechoka, Bi Mkubwa. Na pia nauliza, si dhambi kukataa alichotuhalalishia Mungu?

Mama wa Sufuria Mbili, Kendwa

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma barazani saa nane mchana, kanga nimeilowesha maji nikajitupia mabegani, feni imesimama kwa sababu umeme umekwenda. Kwa hiyo la jiko la bati limenifika bila ya maelezo mengi. Anayepika sufuria mbili Kendwa wakati wa kaskazi, kabla ya ushauri anataka maji ya kunywa na mtu wa kumpokea mwiko.

Nianze na dhambi, maana ndiyo fupi. Kutokula kitu ni jambo moja, kukiharamisha ni jambo jingine. Wako watu wazima mjini humu hawajatia pweza mdomoni tangu wazaliwe kwa kuwa hawawezi hata kumtazama, na sijasikia mtu akiwaita wakosaji. Binti yako akianza kuwaambia wenzake kwamba samaki ni haramu, hapo mpelekeni kwa sheikh wa mtaa akafunzwe. Akisema tu "mimi sili", tumbo ni lake. Zaidi ya hapo aulizwe sheikh. Mimi ni mpishi.

La kurogwa na Wazungu limenichekesha, mavyaa wako anisamehe. Mimi nimekulia mtaa wa Mkunazini, mjini Unguja. Mlango wa pili kutoka kwetu walikaa Wahindu wenye asili ya Gujarat, na nyumba ile haikuingia nyama, samaki wala yai. Maziwa walikunywa, na samli walimimina juu ya dengu bila ya choyo, hapo ndipo walipotofautiana na binti yako. Jioni mbegu za haradali zilipoanza kupasuka kwenye mafuta yao, sisi watoto wa Kiislamu tulikatiza mchezo tukasimama chini ya dirisha tukijidai tumepotelewa na mpira. Bajia, kachori, chatne, vitu ambavyo leo mgeni akishuka bandarini tunamwambia ndivyo vyakula vya Unguja, vilitujia kwa watu kama wale. Kula mimea mjini kwetu ni jambo la zamani kuliko hoteli ya kwanza ya Kendwa.

Na huna haja hata ya kufika Mkunazini. Hesabu sinia lako la futari. Muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi zilizotiwa hiliki, shelisheli, majimbi, viazi vitamu, kunde au chooko, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga. Toa samaki wa kukaanga, toa sambusa za nyama, bado sinia limejaa, na karibu yote yaliyobaki binti yako anakula, ilimradi tambi hazikukaangwa kwa samli na kaimati hazikuumuliwa kwa mtindi. Miaka hii Ramadhani inaangukia humu humu kwenye kaskazi. Kwa hiyo mwezi mzima nyumba yako inakula kwa raha vitu vilevile ambavyo miezi kumi na moja iliyobaki mnaviita "hakuna kitoweo".

Hilo neno kitoweo ndilo linalokusumbua, mwanangu, si binti. Kitoweo ni chochote unachotowelea. Mchuzi wa chooko ni kitoweo, mchicha ni kitoweo, hata chatne ni kitoweo kwa aliyezoea. Lakini sisi watu wa pwani tukilisikia neno tunamwona samaki, na nyuma ya samaki tunamwona mwanamume aliyekesha akimtafuta. Ndiyo maana mavyaa wako anasema aibu ya mwenye nyumba. Anamtetea mwanawe.

Tena nahisi lipo jingine. Mavyaa wako ana umri gani? Akiwa makamo yangu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa msichana, mchele na unga na sukari vikiwa vya mgao Unguja, watu wakipanga foleni alfajiri. Muhogo asubuhi, muhogo mchana. Aliyepita pale, ukimwekea leo muhogo peke yake juu ya sahani, hukumwekea chakula. Umemrudisha kwenye foleni. Basi usibishane naye juu ya afya wala juu ya mambo ambayo binti kayasikia hotelini. Muulize wakati ule walikuwa wakiupikaje mpaka ukalika. Nakuahidi hutamaliza kuandika. Wanawake wale walijua kukiunga kisamvu kwa njugu zilizotwangwa kikasimama kama nyama ya kusaga, na walijua kuigawa nazi moja kwa sufuria tatu. Huyo mama unayemwona adui wa mradi huu ndiye anayeujua kuliko nyote.

Baba sasa. Huyu hana ugomvi na mimea. Kaingia baharini usiku, kapata changu ambaye angempeleka hotelini akapewa pesa nzuri, akaona leo wanangu wale, na mwanawe akasogeza sahani. Hata ungekuwa wewe ungekula nje. Mwambie binti, taratibu na si mbele ya watu: kutokula samaki ruhusa, kusogeza sahani hapana. Na samaki wa baba yake amparue yeye, amtie ndimu na chumvi yeye, ampelekee yeye. Akikwambia hawezi kumshika samaki, muulize hotelini anaparua nini kutwa. Wageni wa watu anawaandalia kamba kwa tabasamu, halafu wa babake anamshinda?

Na baba mtolee seredani nje, chini ya mti. Samaki wake achome huko mwenyewe, wanaume wa pwani wakichoma samaki hawataki msaada wala ushauri. Ndani kuwe na sufuria moja tu, ya mimea tupu, na wote wale humo. Anayetaka samaki aende kwenye seredani achukue kipande chake. Ukishazoea mpango huu utaona sufuria ya pili imeondoka bila ya mkutano wowote.

Sufuria hiyo moja uanzie kwenye urojo. Najua utasema urojo ni chakula cha kununua jioni, cha kula wima. Nyumbani ni mtamu zaidi, na sababu yangu ya kuuchagua ni kwamba urojo hauna sahani ya peke yake. Vikorokoro vyote vinakaa katikati, kila mtu anajaza bakuli lake, na anayetaka yai la kuchemsha au mishkaki anaongeza kutoka sahani ya pembeni. Hakuna anayemtazama mwenzake kakosa nini.

Kwa watu saba au wanane chukua embe mbichi 2 kubwa, menya, katakata, zichemshe kwa maji lita 2 pamoja na thomu punje 4 na bizari ya manjano kijiko 1 cha chai. Zikilainika ziponde humo humo. Pembeni koroga unga wa ngano vijiko 4 vya kulia na unga wa dengu vijiko 2 kwa maji baridi, mpaka madonge yaishe, kisha uchujie ndani ya sufuria huku mkono mmoja haujaacha mwiko. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanauona mchuzi bado mwepesi, wanaongeza unga, na ukipoa unakuwa uji wa mgonjwa. Urojo hukaza baadaye. Uwe unateleza kwenye upawa ukaacha utando mwembamba tu, basi, uachie moto mdogo robo saa ili unga upoteze ubichi wake. Chumvi tia wakati huo. Ndimu ni mwisho kabisa, sufuria imeshateremka, kwa sababu ndimu ikichemka inaleta uchungu.

Mbatata zichemshe kwa maji yenye bizari zipate rangi. Muhogo uukate mwembamba kama karatasi, uukaange uwe krispi za kuvunjia juu. Chatne ni nazi nusu iliyokunwa, pilipili mbichi 2, thomu punje 2, kifungu kidogo cha kotmiri, ndimu moja na chumvi, vyote visagwe pamoja.

Bajia nakuomba uzipike za kunde, usikimbilie unga wa dengu wa pakiti. Ardhi yenu ya maweni haitoi mboga nyingi, lakini kunde, chooko na muhogo vinaota mpaka baina ya mawe, na kunde ndiyo nyama ya jiko hili tunalolizungumza. Loweka nusu kilo usiku. Alfajiri zifikiche ndani ya maji kwa viganja viwili, maganda yataelea, yamwage, rudia mara tatu. Zisage ziwe chengachenga, maji yawe machache kiasi cha kuizungusha blenda tu. Tia kitunguu, thomu, pilipili na kotmiri, na chumvi. Halafu ingiza mkono bakulini upige, upige kweli, dakika 5 nzima, mpaka uone rangi imefumbuka ikawa nyeupe kidogo na vidole vinapita kwa wepesi. Dondosha tone kwenye gilasi ya maji. Likizama, bado. Likielea, weka karai motoni. Bajia iliyopigwa hivyo haihitaji hamira wala baking pauda, ukiikata ndani ina vishimo kama mkate.

Kazi yote hiyo ifanyike kabla jua halijapanda. Mchuzi wa urojo upike saa kumi na moja alfajiri, mbatata hali kadhalika, kibaki cha kukaanga tu jioni, na karai hilo nalo lipeleke nje kwenye seredani. Siku nyingine chemsha kunde au chooko za siku tatu kwa mara moja, bila ya nazi, uzigawe kwenye vibakuli ndani ya friji, na kila siku utoe kibakuli kimoja ukiunge kwa tui la siku hiyo. Usipike chakula cha nazi cha kulala. Kwa joto hili kinachacha ukikitazama.

Mengine unayajua, nisikujazie ukurasa. Wali wa nazi kwa chooko na kachumbari ya tungule yenye ndimu nyingi. Mbaazi za nazi asubuhi kwa maandazi. Bilingani za kuchoma zilizopondwa kwa thomu na embe mbichi. Shelisheli la kuchoma kwa makaa, ganda likishakuwa jeusi, linalovunjwa kwa mkono na kuchovywa kwenye chatne. Hilo likipatikana mimi sitaki samaki wala nyama wala mtu wa kunisemesha. Matembele otesha mwenyewe pale maji ya bafuni yanapotokea, na majani mengine mume wako akipita soko la Kinyasini alete. Kisamvu ukitwange sana na ukichemshe muda mrefu, sufuria wazi, kabla ya kukitia nazi, kwani majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na moto tu. Na mwambie binti aangalie vidonge vya supu unavyotilia mchuzi, vingi vina kuku au ng'ombe ndani. Vitumbua vyetu havina tatizo. Mkate wa kumimina wengi tunautia ute wa yai. Uache uumuke usiku kucha kwa hamira na tui zito, utasimama bila ya yai, labda tu usipande sana.

Yapo mambo mawili ya kiafya ambayo sitakubali uyapite. Vitamini B12 haimo katika chakula cha mimea, hata apike hodari vipi. Mwili huwa na akiba yake kwenye ini inayoweza kutosha miaka, kwa hiyo upungufu unakuja kimyakimya: uchovu, ganzi vidoleni, kusahausahau. Binti yako kama ana nia ya kweli, ameze vidonge vya B12 na aende hospitali ya Kivunge akapimwe damu. Hili si la kujadiliwa. La pili ni madini ya chuma, maana ni msichana wa miaka 19 na kila mwezi anapoteza damu. Chuma kilichomo kwenye kunde na mchicha kinashikika mwilini zaidi kikiandamana na ndimu, embe au chungwa, na kinazuiwa na chai. Kwa hiyo kachumbari iwe na ndimu, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, ingoje saa nzima. Hapa najua nazungumza na Wazanzibari na sitasikilizwa, lakini nimesema.

Wadogo zake wao ni kesi mbali. Mtoto anayekataa samaki na mchicha kwa pamoja hakufuata imani ya dada yake, kaona kichochoro cha kufikia soda. Waachie samaki wao na mayai yao, bado wanakua. Ukitaka wale majani, wape kazi ya kuyachuma. Soda usiifanyie vita kubwa ndani ya nyumba, ila ujue tu kilichomo: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazozipata kwa chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka mitano chupa hiyo moja imeshamaliza kipimo chake chote, na bado hajanywa chai.

Malai basi. Mara ya kwanza kumtengenezea mjukuu wangu malai ya nazi nilifanya ubahili, kasimile nikaiweka kwa wali, nikagandisha tui la pili. Likatoka jiwe. Mtoto akaligonga sakafuni ili livunjike na kilichovunjika ni kigae. Siku hiyo nilijifunza kwamba mafuta ya nazi na sukari ndivyo vinavyoifanya barafu iumike kwa meno. Ukivipunguza vyote viwili unagandisha maji. Kwa hiyo tumia kasimile ya nazi 2, tui la kwanza peke yake. Nusu yake ichemshe na kijiko 1 cha kastadi, sukari vijiko 4, hiliki punje 4 zilizopondwa na chumvi kidogo sana, mpaka ishike mwiko. Ipoe. Saga embe 3 zilizoiva, ukipata boribo ya Muyuni umepata, uzichanganye na kasimile iliyobaki, umimine pamoja. Gandisha katika vikombe vidogo vya chuma. Baada ya saa moja chomeka kijiti, kikiwekwa mapema kinalala. Kutoa, zungushia kikombe kitambaa cha maji ya moto.

Kwa watoto wanaopenda ukali, loweka ukwaju robo kilo kwa maji ya moto lita 1, uache saa nzima, ufinye kwa mkono, uchuje, tia sukari nusu kikombe na chumvi. Mabungo nayo hivyohivyo, ila mbegu zake zivuruge kwa mkono na usizisage, zikisagika zinaharibu ladha. Maji yawe yamechemshwa kwanza. Kisiwa chetu kinakijua kipindupindu, na barafu haikiui. Na vile vifuko vya plastiki vya kufungia malai waachie wenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na nyinyi mnaokaa ufukweni mnaona kila asubuhi inakoishia.

Umeme ukikatika usikasirike sana. Desemba 2009 waya wa umeme unaotoka Bara ulipoharibika, Unguja tulikaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi nzima. Friji yangu niliifanya kabati la vyombo. Kila asubuhi tulitia tikiti ndani ya ndoo tukaliteremsha kisimani kwa kamba, saa kumi jioni tukalipandisha, na jirani akisikia kapi linalia alijua na yeye ana haki ya kipande. Mtungi tuliuvika gunia la maji tukauweka penye upepo, ndani sharbati ya ndimu. Embe mbichi tulizichana vijiti tukachovya chumvi na pilipili. Watoto wa mwaka ule sasa ni watu wazima, na mmoja wao juzi kanipigia simu kutoka Muscat kuniuliza lile tikiti la kisimani lilikuwa tikiti gani. Tikiti la kawaida tu, nimemwambia, lilikuwa baridi na wewe ulikuwa na joto.

Kinywaji cha mwisho ni madafu, na kazi hiyo apewe mume wako. Ni mnazi wake, ni shoka lake, na binti hawezi kulisogeza dafu.

Uanze Ijumaa hii jioni, wakiwa wote wapo. Kunde ziloweke Alkhamisi usiku, umwambie mavyaa wako kwamba wewe hujui kuzifikicha zikatoka maganda yote. Atasema wanawake wa siku hizi hamjui kitu. Msogezee bakuli. Urojo ukiwa tayari, kabla hujatia ndimu, chukua upawa umpelekee yeye wa kwanza, na usimuulize kama kaupenda. Muulize kama chumvi imekaa.